Simu Iliyomfuta Anayeitikia

Nina rekodi mbili za babu yangu akisema slufay. Ya kwanza niliichukua mwaka 2017 kwa simu ya bei rahisi niliyokuwa nayo wakati huo, kwenye harusi ya binamu yangu, nyumbani kwetu upande wa Rhotia, wilayani Karatu. Ya pili niliichukua mwaka 2023, uwanja uleule, mzee yuleyule, kwa simu mpya niliyoinunua kwa ajili ya kazi na kuilipia kwa miezi mitano. Ya kwanza imejaa kelele. Ya pili imetulia kama iliyorekodiwa studio. Babu alifariki mwaka jana, na kati ya rekodi hizo mbili, iliyo safi ndiyo iliyoharibika.

Nataka kueleza kwa nini, maana kila simu mpya inapotoka tunaulizana swali lilelile: ina thamani ya hela yake? Wachambuzi wa vifaa hujibu kwa kamera, betri na kasi. Majibu hayo yana kazi yake. Lakini sisi tunaopenda fasihi tuna haki ya kuuliza kwa namna yetu. Kifaa kinachobeba maneno ya watu kinaweza kuhakikiwa kama tunavyohakiki diwani au tafsiri: kimechukua nini, kimeacha nini, na kimemkalisha wapi msikilizaji?

Kwanza, kwa wasioijua. Slufay ni utanzu wa fasihi simulizi wa Wairaqw, watu ambao wengi mnawafahamu kwa jina la Wambulu. Ni sala na ni ushairi kwa wakati mmoja. Mzee anasema mbele ya watu waliokusanyika. Anaombea mvua, mifugo, watoto, amani ya nyumba na ya majirani. Kauli zake ni fupi, na waliopo wanaitikia kwa pamoja. Kwa babu yangu, kauli iliyofuata haikuja mpaka watu waitikie. Watu wakiitikia kwa uvivu, alisimama akawatazama. Wakiitikia vizuri, alipanda juu, akatafuta taswira mpya, akaongeza mambo ambayo hakuyasema mwaka uliopita. Siku moja aliwaombea watoto wa mbali ambao sauti zao zinamfikia kwa kupitia kipande cha chuma. Watu walicheka, kisha wakaitikia kwa nguvu kuliko mwanzo.

Msomaji wa pwani atanielewa haraka. Fikiria bibi anasema "Paukwa!" na hakuna anayesema "Pakawa!" Hadithi haijaanza hapo. Kuna mtu mmoja tu gizani anasema peke yake.

Sasa nizisome rekodi hizi mbili kama mhakiki anavyosoma matoleo mawili ya kazi moja.

Ya 2017 ina upepo tangu sekunde ya kwanza. Kuna mbwa. Kuna pikipiki inapita barabarani na mtu anapiga honi. Babu anasikika kwa mbali kidogo, kana kwamba yuko ng'ambo ya uwanja, ingawa nilisimama hatua tano tu kutoka kwake. Lakini watu wanasikika. Unajua kwamba wanaume wazee wako upande wa kushoto, kwa sababu mwitikio wao unaanza kabla ya wengine na ni mzito. Vijana wanachelewa nusu sekunde. Mjomba mmoja ana sauti ya juu inayobaki hewani wenzake wakishanyamaza. Katikati, ukisikiliza kwa makini, kuna bibi yangu anamwambia mtoto fulani aondoke kwenye moto. Bibi alifariki mwaka 2020. Hatuna rekodi nyingine yoyote ya sauti yake.

Ya 2023 inaanza na ukimya. Kisha babu, karibu kabisa, hadi unasikia mate yake mdomoni. Kila neno linakamatika. Kwa mtu anayetaka kuandika maneno ya slufay kwenye karatasi, hii ndiyo rekodi ya kumpa. Anasema kauli ya kwanza. Halafu, mahali ambapo watu zaidi ya sitini waliitikia, kuna kitu kama maji yanayochemka chini ya mfuniko. Sekunde moja, inakatika. Kauli ya pili. Maji tena. Kuanzia kauli ya sita hivi hata maji hayapo. Simu imeshajifunza kwamba sauti ile haitakiwi. Anabaki babu, pengo, babu, pengo, mpaka mwisho.

Binamu yangu mdogo anayesoma Dar es Salaam nilimtumia hii safi kwa WhatsApp. Akanijibu: "Nimeisikiliza kwa spidi ya mbili, dada, maana babu anachelewa sana katikati ya maneno."

Sikumlaumu. Yale mapengo hayakuwa ya babu. Yalikuwa nafasi za watu, na watu walikuwa wameondolewa. Kijana akasikia mzee anayejikongoja, akafanya alichofundishwa na kifaa chake: akabonyeza. WhatsApp ilileta ujumbe wa sauti mwaka 2013, na mwaka 2021 ikatuwekea kitufe cha kuuharakisha mara moja na nusu au mara mbili. Kwa ujumbe wa mhariri wangu anayezunguka dakika nne kabla ya kusema anataka nini, kitufe hicho nakiombea dua. Lakini kwa slufay ni sawa na kusoma shairi huku ukiruka vina.

Tulipokutana nyumbani kumaliza matanga, nilileta spika ndogo ya kuunganisha na simu bila waya. Nilidhani nawafanyia watu wema. Nikawasha ile safi, maana nani anapeleka rekodi chafu kwenye shughuli? Watu walinyamaza. Wazee waliinamisha vichwa kama wanaosikiliza taarifa ya habari. Hakuna aliyeitikia, hata mmoja. Ilipoisha, shangazi yangu akaniuliza swali moja: "Mbona yuko peke yake?"

Sikuwa na jibu. Nikatafuta ile ya 2017, nikaiwasha kwa aibu, upepo na mbwa na pikipiki vikatoka kwanza. Kwenye kauli ya tatu mzee mmoja akaitikia. Kwenye ya nne waliitikia kama kumi. Kisha uwanja mzima. Waliokuwa hai wakaitikia pamoja na waliokuwa kwenye rekodi, na baadhi ya hao wa kwenye rekodi tulikwishawazika. Iliposikika sauti ya bibi akimfukuza mtoto motoni, mama yangu alinyanyuka akaingia ndani. Hatukuizungumzia.

Wiki ile ile nilikwenda kwa fundi simu mjini Karatu, kwenye kibanda kilicho jirani na barabara kuu, ile ambayo magari ya watalii yanapita asubuhi kwenda geti la Lodoare na kurudi jioni yakiwa yamegeuka rangi ya vumbi. Nilitaka anirudishie mwitikio uliopotea. Nilidhani umejificha mahali ndani ya faili. Akaisikiliza mara mbili, akatikisa kichwa.

"Haupo, dada. Haukufichwa. Haukuandikwa kabisa."

Akageuza simu yangu akanionyesha vitundu viwili, kimoja chini karibu na sehemu ya kuchaji na kingine juu. "Simu hii ina masikio mawili," akasema. "La chini linasikia mdomo wako. La juu linasikia dunia. Halafu inaichukua dunia, inaitoa."

Sijasikia maelezo bora zaidi ya kichuja kelele. Kwa lugha ndefu kidogo: maikrofoni ya chini inapata sauti ya msemaji kwa nguvu, ya juu inapata zaidi mazingira, programu inalinganisha na kupunguza kile inachodhani si msemaji. Siku hizi programu hizo zimefunzwa kwa sauti nyingi za watu, kwa hiyo zina picha yao ya jinsi "usemi" ulivyo. Picha hiyo ni ya mtu mmoja, mdomo mmoja, karibu na simu. Wengine wote ni daladala, ni upepo, ni baa ya jirani. Watu sitini wanaoitikia kwa pamoja, kwa sauti ndefu isiyo na maneno mengi, wanafanana sana na upepo.

Kwa hiyo simu yangu haikuwa mbovu. Ilifanya kazi yake sawasawa. Tatizo ni kwamba ndani yake kuna nadharia ya fasihi ambayo sikuambiwa dukani: kwamba maneno ni mali ya anayesema. Huko ilikobuniwa huenda nadharia hiyo inatosha. Rhotia haitoshi.

Nikishakuwa na swali hilo mkononi, nikaanza kuvitazama upya vifaa vyote tunavyouziana mjini hapa. Swali ni hili: anayeitikia yuko wapi?

Tuanze na kitochi, au kiswaswadu kama wengine wanavyokiita. Kila mtu anakidharau mpaka siku umeme ukatike siku mbili. Kinakaa na chaji muda mrefu, kina tochi, kina redio, kikianguka unakiokota. Kifasihi kina sifa moja kubwa: kazi yake kuu ni kumpigia mtu, na mtu huyo lazima awepo. Huwezi kuzungumza na kitochi peke yako. Upande wa pili akinyamaza, unasema "Haloo? Unanisikia?" Hilo ndilo swali ambalo babu aliwauliza watu kwa macho wakiitikia kwa uvivu.

Tena kitochi kilitulea na ujumbe mfupi. Ujumbe wa kwanza wa aina hiyo ulitumwa Uingereza tarehe 3 Desemba 1992, na kipimo kikawa herufi 160. Wengi wanakiona kama kizuizi. Mshairi wa Kiswahili anakiona tofauti. Beti ya tarbia yenye mishororo minne ya mizani 16 ina mizani 64. Ukihesabu herufi na nafasi, unajikuta karibu na 160, wakati mwingine unaingia kwa kubanana, wakati mwingine unazidi herufi tatu na inabidi utafute neno fupi zaidi. Nikiwa chuoni tulikuwa watatu tunaolumbana kwa beti za namna hiyo, kila mmoja akijibu kwa vina vya mwenzake kabla vocha haijaisha. Hatukuwa tumebuni kitu. Washairi walikuwa wakijibizana kwenye kurasa za Mambo Leo, gazeti lililoanza mwaka 1923. Sisi tulibadilisha posta tu. Lakini kilichofanya zile beti ziwe hai ni kwamba ukituma, unajibiwa.

Simu janja je? Ina mambo mawili kwa mpigo. Kwa upande mmoja, ujumbe wa sauti ni zawadi kubwa kwa watu wa lugha kama yangu. Kiiraqw ni lugha ya Kikushi, si ya Kibantu, na ina sauti ambazo kibodi ya simu haikuziwaza. Katika kamusi ya Kiiraqw ya mwaka 2002, ya Maarten Mous, Martha Qorro na Roland Kießling, sauti moja ya kooni inaandikwa kwa alama ya mkwaju, /, ile ambayo kwenye simu unaitafuta kwenye ukurasa wa alama. Nikiandika "slufay", simu yangu inanisahihisha kuwa "sofa". Mama yangu, ambaye hakuwahi kujifunza kuandika lugha yake mwenyewe, anabonyeza alama ya maikrofoni na kusema Kiiraqw chote, pamoja na mikwaju yake, na hakuna anayemsahihisha. Kama simu janja ingekuwa na faida hiyo moja tu, ningesema imelipa.

Kwa upande mwingine ujumbe wa sauti unamzoesha mtu kusema bila kuitikiwa. Anasema dakika tatu, anatuma, anaweka simu mfukoni. Anayesikiliza naye anasikiliza kesho, kwenye foleni, nusu. Mwishoni mwa 2024 WhatsApp ilitangaza uwezo wa kugeuza ujumbe wa sauti kuwa maandishi kwa lugha kadhaa, ili mtu asome badala ya kusikiliza. Kiiraqw hakikuwamo kwenye orodha hiyo, na kwa mara moja nilifurahi lugha yangu kusahauliwa.

Vipokea sauti vidogo vya masikioni, visivyo na waya, ndivyo vinavyotangazwa sana sasa, na vile vya gharama vinazima kelele za nje kabisa. Kwa safari ya basi kutoka Arusha navisifu. Lakini jambo la kwanza ambalo mvaaji anafanya akiingia nyumbani ni kuvua kimoja na kusema "Eeh? Umesemaje?" Kifaa kinachomfanya mtu aulize "umesemaje" mara nyingi kuliko zamani, sijui kama ni kifaa cha mawasiliano. Saa janja sina la kusema sana. Inakuambia kuna mtu anakutafuta, na inakusaidia usimjibu.

Kishikwambi kinanishangaza kwa upande mzuri. Baada ya sensa ya Agosti 2022, vile vishikwambi vya makarani vilipelekwa kwa walimu. Ndugu yangu anayefundisha sekondari anakilaza chake juu ya meza, wanafunzi sita wanakizunguka, mmoja anasoma riwaya kwa sauti, wengine wanamrekebisha na kubishana. Shule haina nakala sita za kitabu hicho. Kioo kile kina upana wa kutosha kwa macho zaidi ya jozi moja, na hapo ndipo thamani yake ilipo. Kingekuwa kidogo kidogo, kingekuwa cha mtu mmoja.

Mtu anaweza kuniambia nimezidisha, kwamba haya ni mambo ya Wairaqw na sala zao. Basi tusogee kidogo magharibi, tuvuke geti.

Nina rafiki Mmaasai wa Endulen, ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro. Kwao mtandao haupatikani kila mahali. Kuna mteremko fulani ambao watu wanaupanda jioni, simu zikishachajiwa kwa sola ya jirani, na pale juu unakuta watu kumi kila mmoja amegeukia upande wake. Baadhi ya ndugu zake ni miongoni mwa familia zilizohamia Msomera, wilayani Handeni, kuanzia mwaka 2022. Zamani alikuwa akiwasalimia kwa kutembea. Sasa anawasalimia kwa sauti iliyorekodiwa, mamia ya kilomita.

Salamu ya Kimaasai, kama mnavyojua waliokaa nao, haina haraka. Unauliza, unajibiwa, ng'ombe, watoto, mvua, njia, kila ulizo na itikio lake. Nikamuuliza unasalimiaje hivyo kwenye ujumbe wa sauti? Akanisikilizisha mmoja wa kwake. Anauliza swali, kisha ananyamaza. Unasikia upepo tu. Kisha anauliza la pili, ananyamaza tena.

"Namwachia nafasi mama ajibu," akaniambia. "Najua hanisikii, na mimi simsikii. Lakini akijibu pale kwake, salamu imekamilika."

Nimehakiki vitabu kwa miaka kadhaa sasa na ni mara chache nimeona mwandishi anamfikiria msomaji kwa uangalifu huo. Mtu ameichukua teknolojia isiyo na nafasi ya itikio, akatengeneza nafasi hiyo kwa ukimya. Na ukimya ule ule ndio ambao binamu yangu wa Dar aliusikia kama uchelewaji.

Si mbali na Endulen kuna Laetoli. Mwaka 1978 kikosi cha Mary Leakey kilifukua pale nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili miaka milioni 3.6 iliyopita, mfuatano wa takriban mita 27, kwenye jivu la volkano lililolowa mvua kisha likagandamana. Dunia nzima imeona picha za nyayo hizo. Kisichosemwa sana ni kwamba jivu lile halikuchagua. Liliandika nyayo za sungura, za kanga, za tembo, za jamii ya farasi wa kale. Liliandika hata alama za matone ya mvua. Na ni kwa hayo yote, hasa kwa yale yasiyohusu binadamu, kwamba wataalamu wameweza kusema kulikuwa na mazingira gani, msimu gani, nani alipita na nani. Kichuja kelele kingetuachia nyayo safi zinazoelea hewani.

Nikitoka kumtembelea rafiki yangu huwa nafikiria hilo njiani, gari linapopanda ukingo wa kreta na simu inaanza kulia jumbe zote zilizokwama.

Sasa niwe mkweli, maana uhakiki usiojihakiki ni majungu tu. Kichuja kelele si adui. Babu mwenyewe miaka yake ya mwisho alikuwa hasikii vizuri, na nilipompigia kutoka mtaani Arusha kwa simu mpya alinisikia. Kwa ile ya zamani aliishia kusema "ndiyo, ndiyo" kwa kila kitu. Kama mwandishi wa habari nimefanya mahojiano kituo cha mabasi ambayo bila kichuja yasingefaa kitu. Uwazi wa sauti ni jambo la thamani. Mtu anayeupuuza hajawahi kuandika maneno kutoka kwenye rekodi usiku wa manane.

Na kuna jambo jingine, ambalo fundi aliniambia nikiwa nimeshafungua mkoba kulipa. Alifungua programu ya kurekodi iliyokuja na simu yangu, akaniuliza: "Hii namna ya mahojiano huwa huitumii?"

Naitumia. Naitumia kila wiki. Ni mpangilio unaochukua sauti kwa masikio yote mawili bila kuifuta dunia, ili anayeuliza na anayejibu wasikike wote. Niliutumia kwa waheshimiwa, kwa waongoza watalii, kwa mwenye hoteli aliyeniweka nusu saa nikisubiri. Siku ya babu sikuugusa. Kichwani mwangu, waheshimiwa wanahojiwa, lakini babu anarekodiwa. Mimi, Miraqw, mtu niliyekaa kwenye slufay tangu sijui kutembea, nilimwelekezea simu kama mtu anayetoa hotuba. Simu ilikuwa na nadharia mbaya ya fasihi, sawa. Lakini ilinipa njia ya kuikataa, na mimi sikuikataa kwa sababu siku ile nilikuwa naiamini.

Ndiyo maana siwezi kumaliza kwa kusema turudi kwenye vitochi. Mwitikio wa 2017 haukuokolewa na ubora wa simu ile. Uliokolewa na umaskini wake: haikuwa na akili ya kuchagua. Umaskini si mpango, na simu za namna hiyo zinazidi kupungua madukani.

Kwa hiyo, je, simu mpya zina thamani ya hela yake? Kwa anayeniuliza kwa ajili ya sauti za watu wake, jibu langu ni hili. Nunua ya bei ya kati, usilipie kamera ya nne. Siku ya kwanza, kabla hujapakua chochote, tafuta mahali pa kuzima kichuja kelele kwenye programu ya kurekodi, na kama hakizimiki, rudisha simu uchukue nyingine. Weka nafasi kwenye memori kadi. Kitochi chako usikiuze. Ukirekodi, usimsogelee msemaji. Weka simu katikati ya watu. Faili lile la asili lihifadhi mahali pawili kabla hujalituma, kwa sababu likipita WhatsApp linaweza kubanwa. Na binamu yako akikuambia mzee anachelewa, mwambie asikilize kwa spidi ya kawaida, kisha umuulize alisikia nini kwenye mapengo.

Desemba tutakuwa Rhotia tena. Mjomba, yule mwenye sauti ya juu inayobaki hewani, ndiye sasa anayesema slufay, na watu wanasema anajifunza vizuri ingawa bado anawahi. Nitaiweka simu juu ya kigoda katikati ya uwanja, kwenye namna ya mahojiano, nitaiacha pale na upepo wake. Mara hii sitaishika. Nikiishika nakuwa mrekodi, na mrekodi haitikii. Nimesikiliza ile ya 2017 mara nyingi sana sasa, na kati ya sauti zote zile, yangu haimo.